Michikichi minane ya baba

Swali lenu la wiki liliuliza kama wananchi wahamishwe kando ya misitu ili sokwe na wanyama wengine wanaokaribia kutoweka wapone. Mimi mzaliwa wa Mwamgongo, kaskazini mwa Gombe, najibu haraka: hapana. Gombe imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1968, na kwetu kila mtu anajua mpaka unapita wapi. Sokwe ndiye asiyeujua.

Nilikuwa darasa la tano. Baba alikuwa na michikichi minane mlimani, ile ya juu kabisa, na mawese yake ndiyo yaliyotulipia ada. Asubuhi hiyo tulipanda kukata mikungu, baba na panga, mimi na kapu. Tulipofika chini ya mchikichi wa tatu, maganda yakaanza kutudondokea. Juu alikuwepo sokwe jike, mtoto kamng'ang'ania kifuani. Anachuma chikichi moja moja, anatafuna, na mtoto anachokoa mdomoni mwa mama yake. Baba akagonga shina kwa bapa la panga. Yule mama akatutazama tu. Baba akagonga tena, safari hii taratibu, kisha akakaa juu ya kapu. Tulisubiri mpaka jua likatuchoma. Baba alikuwa na mafua siku hiyo, akapiga chafya mara nyingi palepale chini yao, na kila chafya mtoto alichungulia. Wakashuka upande wa pili wakaenda zao. Tulirudi na mkungu mmoja. Mama aliuliza nusura alie; baba akamjibu, "Naye ana mtoto, mama Neema."

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hiyo kama ushahidi wangu: sisi ndio tunaowalisha, na hakuna anayetulipa. Baadaye nikajua kwa nini wageni wa Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe kusini mwetu, huvaa barakoa mbele ya sokwe: mafua yetu yanaweza kuwaua. Na sokwe jike huzaa mara moja tu kwa miaka mitano hivi. Tangu hapo nikiikumbuka asubuhi ile nazisikia zile chafya.

Kwa hiyo nikiandika hapa jibu langu linalegea. Watu wasihamishwe, hilo nalishikilia. Lakini nafasi kati yetu na wao inahitajika. Mradi wa Tacare, wa Taasisi ya Jane Goodall wa kuhifadhi mazingira pamoja na wanavijiji, ulipoanza 1994, vijiji vya kwetu vilianza kupanda miti na baadaye kutenga misitu yao wenyewe, na milima iliyokuwa kipara imeanza kufunikwa. Ile michikichi minane ya juu ningekubali irudi kuwa pori. Ila kwanza wazee wa kijiji waulizwe, mwenye shamba alipwe kabla ya kuondoka na si baada, na mpaka usishuke tena mwaka unaofuata. Kaka yangu ndiye anayekata mikungu huko sasa, na bado sijamwambia.