Mbona mbuzi wetu hachekeshi?

SWALI: Asalaam aleikum kaka. Mimi na wenzangu wawili tumepiga filamu fupi ya vichekesho kwa simu, dakika saba hivi. Kuna sini ami mwenye duka amekaa barazani anajigamba ati hajazaliwa wa kumla hata senti, na huku nyuma yake mbuzi anatafuna daftari la madeni. Siku ya kupiga tulicheka hadi tukaharibu teki tatu. Kwenye editi tukakata vizuri tu, ami, mbuzi, ami, mbuzi, lakini kuonyesha watu nyumbani, kimya! hata mamangu ambaye hucheka na matangazo ya sabuni. Tena uso wa ami umetoka mweusi tii, na sini ya usiku dukani ina mistari mistari. Tumekosea wapi?
Msomaji, Kibokoni

JIBU: Waleikum salaam mdogo wangu. Hebu kumbuka, mlipokuwa mwacheka pale mlikuwa mwaona nini? Ami na mbuzi kwa pamoja, huyu anapiga domo na yule anatafuna. Sasa nyinyi kwa kukata ami, mbuzi, ami, mbuzi mmemshika mtazamaji kidevu mkawa mnamgeuza, tazama huku, tazama kule, na kichekesho ukishakionyesha kwa kidole basi kimekwisha.

Rudini mkapige shoti moja pana. Simu kwenye stendi, usawa wa kifua cha ami, yeye akae upande mmoja wa fremu na upande wa pili muuache tupu, mtu ajiulize pale mbona patupu, ndio mbuzi aingie taratibu. Ile modi ya kufifisha nyuma zimeni kabisa, sensa ya simu (kile kinachopokea picha ndani ya kamera) ni ndogo kwa hivyo yenyewe huonyesha wa mbele na wa nyuma wazi wote wawili, na nyinyi hapo ndio mwataka. Zumu msiguse. Iacheni iende hata sekunde 20, klozapu, yaani shoti ya karibu, iwe moja tu, ami anapogeuka. Buster Keaton, yule mchekeshaji wa filamu za kimya wa Marekani, mwaka 1928 aliangukiwa na ukuta mzima wa nyumba akapona kwa sababu alikuwa amesimama palepale dirisha lilipoangukia, na kamera iko mbali imetulia, waona ukuta na mtu wote. Ingekatwa vipande nani angeamini?

Uso: nyuma ya ami ni ukuta wa chokaa na jua la saa saba, sivyo? Simu imepima mwanga wa ukuta, ndio uso ukatoka mweusi. Bonyeza uso wake kwenye skrini ushikilie hadi mwanga ujifunge, au ngojeni saa kumi kivuli kifike, na mtu ashike shuka jeupe pembeni limrudishie mwanga (jeupe, sio la maua).

Mistari ni taa tu. Stima yetu ni hezi 50, taa nyingi hufifia mara 100 kwa sekunde, na simu yako yapiga fremu (picha) 30 kwa sekunde, haziendi sawa. Weka fremu 25 na shata (muda kila fremu inaopokea mwanga) 1/50 ya sekunde.

Na daftari linyunyizieni maji ya chumvi, mbuzi ataingia mwenyewe bila kusukumwa.