Kuhusu mshipa wa sentimita 2.4 wa mama

Dada, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama "IVC 2.4, inasinyaa chini ya nusu" kwenye majibu ya mama ya picha ya moyo (echo) hapo Moshi maana yake moyo umetanuka. Hapana, hicho si kipimo cha moyo wenyewe. IVC ni mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka miguuni na tumboni kwenda upande wa kulia wa moyo. Ukiwa hauzidi sentimita 2.1, na ukasinyaa zaidi ya nusu mgonjwa anapovuta pumzi ya ghafla kwa pua, presha ndani ya chumba cha juu kulia cha moyo ni ndogo, kama 3 hivi (milimita za zebaki, mmHg). Ukipita 2.1 na usisinyae vizuri, kama wa mama, presha hiyo hukadiriwa 15. Yaani damu imerundikana nyuma ya moyo unaoshindwa kuisukuma, ndiyo maana miguu inavimba.

Lakini namba hiyo pekee haisemi ugonjwa umefika wapi. Hata mwanariadha mzima anaweza kuwa na mshipa mpana. Daktari huisoma pamoja na EF (asilimia ya damu ambayo moyo husukuma nje kila pigo), pumzi ya mama na uvimbe wake. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kulinganisha: akishatumia dawa ya kukojosha maji, mshipa ukipungua, matibabu yanashika.

Nyumbani mpimeni uzito kila asubuhi, tafadhali sana. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, mrudisheni kliniki, msingoje tarehe.