Kadi imegomea +135: nichomelee trima ya volti?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina kibanda cha gemu hapa Chikongola, Mtwara. Kompyuta yangu kubwa ina kadi ya picha ya GTX 750 Ti, ile isiyo na soketi ya umeme ya pini sita. Kwenye Afterburner, programu ya kuongeza kasi ya kadi, nimepandisha kasi ya chipu mpaka +135 MHz, hapo haiendi tena, na ikifika mchana gemu zinakwamakwama. Nimeona video ya jamaa anachomelea trima, yaani rizista ndogo ya kuzungusha ili kubadili upinzani, nyuma ya kadi ili volti zipande. Lehemu naiweza, simu natengeneza. Nifanye?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwa kadi hiyo usifanye, na wala si kwamba nauonea shaka mkono wako. Unataka kuipa kadi dawa ya ugonjwa isiokuwa nao.

Hiyo +135 ni kikomo kilichoandikwa kwenye BIOS, programu ya ndani ya kadi. 750 Ti nyingi zinaishia hapohapo. Hata ukimwaga volti, kasi itaendelea kugota palepale. Kadi inayolilia volti utaijua: kasi unairuhusu ipande, ila vidoa vinaanza kutokea kwenye picha au gemu inajifunga yenyewe. Wewe hujafika huko. Huko kukwama kwa mchana ni jambo jingine. Fungua GPU-Z, programu ya kusoma hali ya kadi, nenda Sensors, gemu ikiwa inacheza utazame mstari wa PerfCap Reason, unaosema nini kinaizuia kadi. Ukikuta Thrm, ni joto. Pwr, ni kikomo cha umeme. VRel ndiyo inayohusu volti. Kwa jua la Desemba, kibanda cha bati na watoto wamejaa, naweka dau kwenye joto.

Sasa hilo la rizista, maana najua hutatulia mpaka ulielewe. Kwenye kadi kuna IC, kijichipu kinachosimamia umeme wa chipu kuu, na ina mguu mmoja, FB, wa kuchungulia volti zinazotoka. Volti hizo hazifiki kwenye mguu huo zikiwa nzima. Zinapunguzwa kwanza na rizista mbili. Chukua mfano: IC inataka kuona 0.6 V pale FB, rizista ya juu ni ohmu 1,000, ya chini inayokwenda graundi ni 1,100. Zinatoka 0.6 × (1 + 1,000/1,100), yaani kama 1.15 V. Ukiunganisha trima ya ohmu 22,000 sambamba na ile ya chini, upinzani unashuka kuwa 1,048, IC inadhani volti zimepungua, inazisukuma hadi 1.17. Shusha trima hadi 5,000, unapata 1.27. Trima ikiteleza ikafika sifuri, IC inaona hakuna volti kabisa na inasukuma kwa nguvu zake zote. Kama haina kinga, chipu imekwenda. Ndiyo maana trima hufungwa ikiwa kwenye upinzani wake wa juu kabisa, na hutumika ile ya mizunguko mingi, siyo ya robo mzunguko.

Joto la chipu linapanda kwa mraba wa volti. Kutoka 1.15 kwenda 1.30 ni asilimia 28 zaidi, kasi ikiwa ileile. Kadi yako imepangiwa wati 60, na kwa kuwa haina soketi ya pini sita, umeme wote inauvuta kwenye sloti ya ubao mama, ambayo mwisho wake ni wati 75. Humo, njia ya 12 V inapewa ampea 5.5 tu. Kwa hiyo ukizidisha, kinachoungua kinaweza kuwa sloti, na hapo umepoteza kompyuta nzima kwa ajili ya kadi ya mwaka 2014.

Tena kuna suala la pwani yetu, ambalo watu wa video hawaligusi. Flaksi, ile dawa ya kulehemu, iliyobaki kwenye FB bila kusafishwa inanyonya unyevu na kuanza kupitisha umeme kidogo kwenda graundi. Kwa IC, huo uchafu ni rizista nyingine. Asubuhi unapima 1.20, usiku hewa ya bahari ikitulia unakuta namba tofauti. Ujanja wa kupaka penseli juu ya rizista ndio mbaya kabisa: leo imeshika, kesho imepukutika.

Cha kufanya, fungua hitisinki, chuma cha kupoozea chipu, futa pesti ya joto iliyokauka, weka mpya, toa vumbi lote kwenye mapezi. Elekeza feni moja ya kesi kwenye kadi. Kisha geukia memori: kadi hiyo ina njia nyembamba ya biti 128, hivyo memori ikiongezwa kasi unaiona kwenye gemu. Kwenye Afterburner, panda kwa MHz 50 hadi vidoa vitokee, rudi nyuma 100. Ikifika +300 salama, umetoka 86 kwenda GB 96 kwa sekunde, bila lehemu wala volti.

Ukibaki na hamu ya trima, tafuta kadi nyingine ambayo hailipi kodi ya kibanda. Ikiwa imezimwa, pima upinzani kati ya FB na graundi, uzidishe mara 20, ndiyo trima ya kuanzia. Waya uwe mfupi kabisa, maana FB inadaka kila kelele ya umeme, na uoshe flaksi kwa spiriti kabla hujawasha.