Mtuhumiwa, mshtakiwa na yule "aliyeachiwa huru"

SWALI: Mtu akikamatwa, redio moja humwita mtuhumiwa, nyingine mshukiwa, gazeti nalo mshtakiwa. Lipi sahihi? Na inakuwaje mtu "aachiwe huru" asubuhi, kisha akamatwe tena kabla hajatoka kwenye viwanja vya mahakama? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Mtuhumiwa na mshukiwa ni mtu yuleyule, neno la kwanza limezoeleka Tanzania, la pili Kenya. Polisi wanamshuku, basi. Akishasomewa mashtaka mbele ya hakimu ndipo huwa mshtakiwa. Gazeti linalomwita hivyo mtu ambaye bado yuko kituoni limeruka hatua, ingawa afadhali hilo kuliko kichwa cha habari "Jambazi anaswa". Ujambazi huo nani kauthibitisha? Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inakataza aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa ana hatia; ya Kenya, ibara ya 50, nayo inamhesabu hana hatia hadi hapo. Ndiyo maana aliyekosa dhamana, akapelekwa rumande, ni mahabusu, si mfungwa, hata kama wote wawili wamo gereza moja. (Anayedaiwa mahakamani deni au kipande cha shamba ni mdaiwa tu. Jinai haimhusu.)

Swali lako la pili ndilo zito, na lawama ni za sisi tunaoandika. Maneno "kuachiwa huru" tumeyabebesha mambo matatu. Aliyepata dhamana yuko nje, lakini kesi yake iko palepale. Yupo pia aliyefutiwa mashtaka, pale Mkurugenzi wa Mashtaka anapoieleza mahakama kwamba hana nia ya kuendelea na shauri. Huyo naye hutoka, ila kwa sheria ya Tanzania anaweza kushtakiwa upya kwa jambo lilelile, na askari unaowaona mlangoni wanamsubiri yeye. Wa tatu ni yule ambaye mahakama imesikiliza ushahidi ikamwona hana kesi ya kujibu, au mwishoni ikamkuta hana hatia. Mimi "ameachiwa huru" ningemwandikia huyu peke yake, maana kwa kosa hilo hashtakiwi tena, labda upande wa mashtaka ukate rufaa.

Kwa hiyo ukipigiwa simu kwamba ndugu yako ametoka, kabla hamjachinja mbuzi muulizeni wakili: ametoka kwa dhamana, kwa kufutiwa mashtaka, au kwa hukumu?