Harusi Barbados mwishoni mwa Agosti? Nenda, ila jipange

Dada yangu, umeuliza kama mvua itaiharibu harusi ya shoga yako huko Barbados mwishoni mwa Agosti. Mvua ipo, ila mara nyingi hushuka kwa kishindo kwa muda mfupi, kisha jua linachomoza na lami inafuka mvuke. Mchana joto hufika nyuzi 31, na unyevu ule utakushikisha gauni mgongoni. Mimi kinachonitia wasiwasi ni vimbunga: msimu wake ni Juni hadi Novemba, kilele Septemba. Vingi hupita kaskazini ya kisiwa, lakini usibahatishe. Kata tiketi inayoruhusu kubadili tarehe. Na viatu vya visigino virefu, hata! Nyasi zitakuwa zimelowa.