Swali la lugha: Je, upepo wa Jua "huendesha" mapigo?

Mwalimu wa fizikia wa Tanga anauliza kama sentensi hii ya notisi zake, kuhusu upepo wa Jua (mkondo wa chembe zenye chaji unaotoka kwenye Jua), ni sahihi: "Upepo wa jua huendesha mitetemo ya masafa mafupi katika sumaku ya dunia."

Jibu: Ningeiandika hivi: "Upepo wa Jua huchochea mapigo ya marudio ya chini katika uga wa sumaku wa Dunia." Marudio ni idadi ya mapigo kwa sekunde.

Kosa zito ni "masafa mafupi". Kwa msikilizaji wa redio, hayo ni mawimbi yanayojirudia mamilioni ya mara kwa sekunde. Mwalimu anakusudia kinyume kabisa: pigo moja la Pc5, jina la kundi la mapigo ya polepole, huchukua sekunde 150 hadi 600, yaani takriban milihezi 2 hadi 7 (milihezi moja ni pigo moja kwa sekunde elfu). Kipimo hicho kiandikwe palepale, mwanafunzi asikisie.

"Mitetemo" nayo humpeleka msomaji kwenye tetemeko la ardhi. Kinachopanda na kushuka hapa ni uga wa sumaku, mara nyingi kwa nanotesla chache tu (nanotesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku), ilhali uga wenyewe hapo Tanga unazidi nanotesla 30,000. Kinachonaswa na chombo kilichotulia mahali pamoja kiite mapigo. Kinachosafiri kwenye mistari ya uga, yaani mistari inayoonyesha mwelekeo wa uga wa sumaku, kiite mawimbi. Ndiyo aliyoyaeleza mwanafizikia wa Sweden Hannes Alfvén mwaka 1942.

Sasa kitenzi. Anayeendesha hushika usukani, na upepo wa Jua haushiki chochote. "Huchochea" hufaa kwa jumla, lakini kila chanzo kina kitenzi chake, na hapo ndipo Kiswahili kinapong'aa. Upepo ukipita ubavuni mwa eneo la sumaku, yaani anga inayotawaliwa na uga wa Dunia, kwa kilomita 400 hivi kwa sekunde, huinua mawimbi mpakani, kama kusi inavyoyainua baharini. Shinikizo lake likipanda na kushuka, hulibana na kuliachia eneo zima. Protoni zinazorudishwa na wimbi la mshtuko lililo mbele ya Dunia huzua mawimbi yanayobebwa ndani na kuleta mapigo ya haraka zaidi, Pc3, ya sekunde 10 hadi 45.

Marudio ya wimbi yakilingana na marudio ya asili ya mstari wa uga, pigo hukua. Kwa hali hii, "resonance" kwa Kiingereza, wengine huandika "mwangwi", lakini mwangwi ni sauti iliyogonga kitu ikarudi. Sema mstari umeitikia.