Sukuma wiki imesimama tangu Novemba: nilime, niweke mbolea, au niache?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Ninaishi Leicester, Uingereza, na tangu mwaka jana nina nusu ploti kwenye bustani za kukodi za halmashauri. Sukuma wiki niliyopanda Agosti ilinipa mboga vizuri hadi mwanzoni mwa Novemba, kisha ikagoma. Majani ya chini yanageuka manjano, na asubuhi zenye barafu mmea wote unanyong'onyea kama umemwagiwa maji ya moto. Nimeweka mbolea ya kuku ya punje mara mbili, sioni kitu. Udongo ni mfinyanzi mzito na umeloa chapachapa. Jirani mmoja ananiambia nilime sasa hivi, mwingine anasema nisiguse. Nishike la nani?

JIBU: Marahaba dada. Sukuma wiki yako haiumwi, imelala.

Kwetu mmea ukisimama tunawaza maji au mbolea, kwa sababu mwanga haujawahi kuwa shida: Dar es Salaam na Nairobi urefu wa mchana hauendi mbali na saa 12 mwaka mzima. Leicester mwezi Desemba haufiki hata saa 8. Tena udongo ukishuka chini ya nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, mizizi karibu inaacha kazi. Kipimo rahisi ni saa 10 za mwanga: mchana ukipungua hapo, mboga za majani hukua kidogo sana au hazikui kabisa. Huko kwenu hali hiyo huanza mwishoni mwa Oktoba na kuisha katikati ya Februari. Kwa hiyo majani yaliyopo shambani sasa ni akiba ya ghalani. Chuma mawili matatu kwa kila shina, ukijua kwamba hayatarudishiwa wiki ijayo.

Mbolea acha. Mmea uliolala hauli, na nitrojeni ya zile punje, ikishayeyuka, itasombwa na mvua kabla haijafika mdomoni. Weka tena Machi, ukishaona majani mapya katikati. Hayo ya chini yanayogeuka manjano ni ya zamani. Mmea unayanyonya chakula na kukipeleka juu. Yabandue uyatupe kwenye mboji, maana yakibaki chini ndiyo maficho ya konokono.

Kunyong'onyea asubuhi ni sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri ambayo watu wa Makete na Kitulo wanaifahamu. Maji ndani ya jani yanaganda, jani linalegea, na jua likipanda linasimama tena. Usichume likiwa limeganda, litapondeka, subiri mchana. Faida yake utaiona sufuriani. Katika baridi mmea hulimbikiza sukari kwenye majani ili yasigande upesi, na sukuma wiki ya Januari huwa tamu kuliko ya Septemba. Adui yako wa kweli msimu huu ni njiwa pori, wale wanene wa kijivu. Njaa ikiwabana wanaweza kukuachia vijiti vitupu, kwa hiyo funika kwa wavu ulioinuliwa juu ya majani. Upepo ukitikisa mashina, yashindilie udongo kwa kisigino na uyafunge kwenye vijiti.

Sasa majirani. Yule wa kulima si mjinga, amechelewa tu. Mfinyanzi hulimwa kabla majira ya baridi hayajakolea, mabonge yakaachwa wazi, halafu barafu ikiganda na kuyeyuka mara kwa mara inayapasua yenyewe. Lakini chukua udongo wako leo uusokote kiganjani. Ukitoa kamba inayong'aa bila kukatika, weka jembe chini. Kulima au hata kukanyaga udongo wa namna hiyo kunaubana hadi hewa inakosa pa kupita. Mimi nilipokutana na udongo huo mara ya kwanza nililima Januari kwa bidii ya nyumbani; Juni nikawa navunja matofali. Ukilazimika kuingia, tandika ubao mpana usimame juu yake.

Badala ya kulima, funika. Maboksi yasiyo na nakshi za kung'aa, uliyoyabandua gundi za plastiki, yatandaze yakipandiana, kisha mwaga juu yake mboji au samadi iliyooza unene wa sentimita 5 hivi. Minyoo itakulimia. Soma na mkataba wako wa kukodi, kwani halmashauri nyingi hutaka ploti ionekane inatunzwa. Na usishangae ukikuta bomba halitoi maji. Mara nyingi hufungwa ili mabomba yasipasuke kwa barafu.

Kama mikono inawasha, panda vitunguu saumu. Hivi vinaihitaji baridi: bila mwezi mmoja au miwili ya chini ya nyuzi 10, kitunguu hakigawanyiki punje punje, kinabaki bonge moja. Nunua vya mbegu, maana vya dukani vingi vimezoea nchi zenye joto. Kwa mfinyanzi ulioloa ningevianzishia kwenye trei za miche, nje, mahali palipokingwa na mvua, punje moja kila tundu na ncha ikitazama juu, kisha nivihamishie shambani Machi, sentimita 15 kati ya kimoja na kingine. Mchicha na maharage usiviguse hadi katikati ya Mei. Vikikutana na sakitu ya mwisho vinakufa usiku mmoja.

Baridi hiyo hiyo ina jambo lingine usilolizoea. Nyumbani shina moja la sukuma wiki unalichuma mwaka mzima na zaidi bila kuona ua. Huko, likishapitishwa kwenye miezi ya baridi, Aprili linapanda juu na kutoa maua. Wengi hudhani mbegu walizouziwa ni mbovu. Vikate vile vichipukizi maua yakiwa bado yamefumba, uvikaange na kitunguu, na vikikatwa huchipua tena kwa wiki kadhaa. Vikiisha, ng'oa mashina, na hapo panda maharage, si kabeji, maana hiyo ni ndugu ya sukuma wiki.